Misuli Inayoisha na Tonge Lisilopita: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumnunulia Lishe Mgonjwa wa Saratani

Katika familia nyingi maendeleo ya mgonjwa wa saratani hupimwa kwa macho. Nguo huanza kupwaya, mashavu huingia ndani, pete huteleza kidoleni, na wageni waliokuja kumjulia hali hutoka nje wakinong'onezana. Hapo ndipo fedha huanza kutoka: kopo la unga wa protini kutoka duka la dawa, mfuko wa unga wa lishe wenye nafaka 12, chupa ya sharubati ya "kurudisha mwili" iliyoagizwa kwa simu. Makala hii inaeleza ni kitu gani hasa kinachopotea katika mwili wa mgonjwa huyo, kwa nini kumeza huwa shida, na mlaji aangalie nini kabla ya kufungua pochi.

Tumechukua mfano wa saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Aidha, kuisha kwa misuli na kushindwa kumeza hukutana mapema ndani ya mgonjwa mmoja wa ugonjwa huu. Mengi tutakayoyaeleza yanawahusu pia wagonjwa wa saratani za kinywa na koo waliopata tiba mionzi.

Kinachopotea ni misuli

Mtu mwenye afya anapokosa chakula kwa siku kadhaa, mwili wake hutumia mafuta uliyoyahifadhi na hujitahidi kuilinda misuli. Saratani huvuruga mpango huo. Uvimbe wenyewe, pamoja na kinga ya mwili inayopambana nao, humwaga katika damu kemikali zinazovunja protini ya misuli na papo hapo kuua hamu ya kula. Madaktari huiita hali hii kakeksia. Kwa vigezo vya kimataifa vilivyochapishwa mwaka 2011, mgonjwa huhesabiwa kuwa nayo akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi 6 bila kukusudia. Kwa aliyekuwa mwembamba tangu awali, zaidi ya asilimia 2 inatosha. Mtu wa kilo 60, basi, hana haja ya kungoja akonde sana: kilo 3 tu zimeshamfikisha mpakani.

Maelezo hayohayo ya mwaka 2011 yanasema jambo ambalo matangazo ya biashara hayalisemi. Kakeksia haiwezi kurudishwa nyuma kikamilifu kwa chakula peke yake. Chakula ni lazima, na bila chakula hakuna tiba itakayofanikiwa, lakini kopo lolote linaloahidi kuurejesha mwili wa mgonjwa wa saratani katika siku 14 linaahidi kisichowezekana. Mgonjwa anahitaji tiba ya saratani yenyewe, chakula cha kutosha na mazoezi, kwa pamoja.

Kitanda nacho ni adui. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo walipoteza takriban kilo 1 ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa na ugonjwa wowote, na walikuwa wakila. Kwa hiyo desturi yetu ya kumwambia mgonjwa "pumzika, usiinuke, kila kitu utaletewa", ingawa inatoka moyoni, ina gharama yake. Wataalamu wa utengamao humtaka mgonjwa ainuke na kuketi mara kadhaa kwa siku, atembee hadi uani, na anyanyue chupa ya maji kwa kadiri ya nguvu zake. Mwenye saratani iliyoenea hadi kwenye mifupa asianze mazoezi kabla ya kuonana na daktari, kwa kuwa mfupa ulioliwa na saratani huweza kuvunjika kwa jambo dogo.

Mizani isiwe shahidi wa pekee. Maji yanapojaa tumboni au miguuni, uzito hubaki palepale, au hata hupanda, huku misuli ikiyeyuka chini yake. Kipimo rahisi cha nyumbani ni kiti. Mgonjwa aketi kwenye kiti imara kisicho na magurudumu, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kuketi mara 5 bila kujishika. Akitumia zaidi ya sekunde 15, nguvu za miguu zimepungua kiasi cha kustahili kuelezwa kwa daktari. Mtu mwingine asimame karibu naye asije akaanguka.

Vidonge vya kunenepesha

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa maana katika mambo yote ya makala hii hili ndilo lenye hatari kubwa na linalouzwa kwa bei ndogo. Vidonge vya "kuongeza mwili" vinavyouzwa kwa kuhesabiwa kutoka kwenye mkebe, bila kasha wala karatasi ya maelezo, mara nyingi huwa ni siproheptadini, deksamethasoni, au vyote viwili pamoja. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta usingizi na njaa. Deksamethasoni ni dawa nzito ya jamii ya steroidi. Hospitalini ina kazi zake za halali katika tiba ya saratani, ikiwamo kuzuia kutapika na kupunguza uvimbe wa ubongo, na daktari huipanga kwa kipimo na kwa muda maalumu.

Inapomezwa kiholela kwa wiki nyingi, uso huvimba na kuwa wa mviringo, tumbo hujaa, na ndugu hufurahi kwamba mgonjwa "amerudi". Wakati huohuo dawa hiyo huvunja misuli, hasa ya mapaja na mabega. Ndiyo maana mtu huonekana amenenepa na bado hawezi kuinuka kwenye mkeka. Pia hupandisha sukari ya damu na kudhoofisha kinga. Iwapo mgonjwa wako amekuwa akivitumia, usivikatishe ghafla: mwili unaopokea steroidi kwa wiki kadhaa huacha kutengeneza homoni yake ya asili, na kukatisha kwa siku moja kunaweza kumwangusha. Mpeleke kituo cha afya na vidonge vyenyewe mkononi, ili vipunguzwe kwa utaratibu.

Tonge linakwama wapi?

Maneno "hawezi kumeza" huficha matatizo mawili tofauti, na chakula kinachomfaa mwenye tatizo moja kinaweza kumdhuru mwenye jingine. Tumeona ni vema tulieleze hili kwa urefu, kwa sababu wauzaji wa unga wa lishe hawalitenganishi.

Tatizo la kwanza ni njia kuziba. Katika saratani ya umio uvimbe huota ndani ya mrija na kuubana. Mgonjwa hutafuna vizuri na kupeleka tonge kooni bila taabu, kisha hulisikia likisimama kifuani. Kwa kawaida hushindwa kwanza nyama na ugali, baadaye wali, baadaye uji, na mwisho hata mate. Mgonjwa wa namna hii hufaidika na chakula laini na chepesi kinachopita penye upenyo mdogo.

Tatizo la pili ni udhaifu wa koo. Kumeza ni kazi ya makumi ya misuli, kuanzia ulimi hadi koromeo, inayofanya kazi kwa zamu katika muda wa chini ya sekunde mbili. Katika muda huo kidakatonge hufunika njia ya hewa ili chakula kisiingie mapafuni. Mionzi ya kichwa na shingo hukausha mate na kuikakamaza misuli hiyo, wakati mwingine miezi au miaka baada ya tiba kwisha. Tena misuli ya koo ni misuli kama mingine: mwili unapokonda, nayo hukonda. Mwaka 2019 vyama vinne vya kitaaluma vya Japani vilitoa tamko la pamoja juu ya hali hii, yaani kushindwa kumeza kunakotokana na kuisha kwa misuli ya mwili mzima na ya kumeza. Ni mzunguko mbaya: asiyemeza hapati chakula, asiyepata chakula hupoteza misuli, na aliyepoteza misuli humeza kwa shida zaidi. Kwa mgonjwa huyu maji matupu ndiyo ya hatari, kwa kuwa hukimbia haraka kuliko koo linavyoweza kujifunga. Hupaliwa kwa maji ilhali mtori unapita.

Dalili za tatizo la pili ni kukohoa wakati wa kula au mara baada yake, sauti kuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, chakula kubaki mashavuni, mlo kuchukua zaidi ya nusu saa, na homa za kifua zinazorudi. Wako pia ambao chakula huingia mapafuni mwao bila kikohozi chochote, kwa sababu koo limekufa ganzi. Kwao, nimonia inayojirudia ndiyo dalili ya pekee. Wataalamu wa tiba ya usemi na kumeza ni wachache nchini, lakini hospitali za rufaa na za saratani zinaweza kumpima mgonjwa na kusema ni tatizo lipi alilo nalo. Pata jibu hilo kabla ya kununua chochote.

Uzito wa kinywaji

Katika nchi kadhaa vyakula na vinywaji vya watu wenye shida ya kumeza hupewa namba kwa mfumo wa kimataifa uitwao IDDSI, na namba hizo zimeanza kuonekana kwenye makopo yanayoingizwa hapa. Namba ni kuanzia 0 hadi 7. Sifuri ni maji ya kawaida. 4 ni kitu kizito kilicholainika kabisa, kisicho na chembe, ambacho hukaa juu ya uma bila kutiririka. 5 kina vipande visivyozidi milimita 4, ambao ndio upana wa nafasi kati ya meno ya uma wa kawaida. 7 ni chakula cha kila siku. Ukiambiwa hospitalini kwamba mgonjwa wako ni wa namba fulani, iandike kwenye karatasi na uende nayo dukani.

Unga wa kuzidisha uzito wa kinywaji huuzwa kwa namna mbili, wa wanga na wa gundi ya zanthani. Ule wa wanga ni wa bei nafuu, ila una kasoro ambayo kopo halikuambii: mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na kijiko kilichokwishaingia kinywani kikirudishwa kikombeni, kinywaji huanza kuwa chepesi tena. Uji wetu wa kawaida una tabia hiyohiyo. Kwa hiyo chota kidogo katika chombo cha pembeni, na ukibaki usiurudishe.

Kasoro hiyo hugeuka kuwa neema kwa mgonjwa ambaye umio umebana. Uji mwepesi unaopita kwenye upenyo mdogo kwa kawaida ni maji mengi na unga kidogo. Mgonjwa hushiba huku akiwa na njaa. Bibi zetu walijua kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, kukaushwa na kusagwa, na miaka ya 1980 watafiti wa lishe wa Tanzania waliandika juu ya matumizi yake katika uji wa watoto. Pika uji mzito, uache upoe hadi uvuguvugu unaovumilika mdomoni, kisha koroga ndani yake kijiko kimoja cha unga wa kimea. Katika dakika chache utalainika na kutiririka ingawa unga wote bado umo. Uchemshe tena kidogo kabla ya kumpa mgonjwa, kwa ajili ya usafi. Mwenye udhaifu wa koo asipewe uji wa namna hii.

Kopo lina nini ndani yake?

Mgonjwa wa saratani hukadiriwa kuhitaji zaidi ya gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na ikiwezekana hadi gramu 1.5, pamoja na kalori 25 hadi 30 kwa kilo. Mtu wa kilo 50 atahitaji, basi, gramu 50 hadi 75 za protini na kalori 1,250 hadi 1,500. Mwenye ugonjwa wa figo apate kwanza ushauri wa daktari.

Sasa geuza kopo usome nyuma. Karibu kila lebo ina safu mbili, ya gramu 100 na ya kipimo kimoja cha matumizi, na herufi kubwa za mbele hupenda kunukuu ile ya gramu 100. Tuseme lebo inasema protini gramu 10 katika gramu 100, na kipimo kimoja ni gramu 25. Kila kikombe kitampa mgonjwa gramu 2.5. Yai moja la kuchemsha lina takriban gramu 6. Vikombe viwili vya kopo hilo, kwa bei yoyote, havifikii yai moja. Tazama pia orodha ya viambato, ambayo hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi: ikianza na sukari au maltodekstrini, umenunua sukari iliyotiwa rangi ya lishe. Yako makopo mazuri, yenye gramu 15 au 20 za protini kwa kipimo kimoja, na kwa mgonjwa ambaye hawezi kumaliza sahani huokoa siku. Hatusemi yasinunuliwe, tunasema yahesabiwe.

Unga wa lishe wa mitaani una hesabu yake. Wingi wa nafaka haupandishi protini. Soya, karanga na dagaa ndizo zinazoipandisha. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu huota kuvu na kuzaa sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nunua mfuko wenye alama ya ubora, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha, na usinunue unga unaopimwa kutoka kwenye gunia lisilo na jina.

Nyumbani, kilicho bora ni chakula kilekile cha familia kilicholainishwa. Mtori wa ndizi na nyama uliosagwa na kuchujwa, kunde au choroko zilizopondwa na kuungwa kwa tui zito, dagaa waliosagwa wakatiwa kwenye uji, parachichi, mtindi. Milo midogo sita inavumilika kuliko mitatu mikubwa. Mayai mabichi na maziwa yasiyochemshwa, ambayo husifiwa sana mitaani, ni hatari kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa za saratani. Chakula kiwe cha uvuguvugu. Vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 viliwekwa mwaka 2016 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, na koo lililopigwa mionzi halihitaji kuunguzwa tena.

Mgonjwa ale akiwa ameketi wima, asilale hadi nusu saa ipite, na kinywa kisafishwe kwa mswaki laini asubuhi na usiku, hata kama hakula. Bakteria wa kinywa kichafu ndio hushuka na mate hadi mapafuni. Aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula chochote cha maana asianze kwa kushindiliwa chakula. Chumvichumvi za damu yake zinaweza kuvurugika ghafla, na inafaa aanzishiwe hospitalini, kidogo kidogo.

Mirija na vidonge

Baadhi ya wagonjwa wa umio huwekewa mrija wa waya unaojitanua ndani ya sehemu iliyobana. Katika Hospitali ya Tenwek, Kenya, huduma hii imekuwapo kwa miaka mingi. Mrija huo hurejesha kumeza lakini haufanyi kazi ya misuli. Nyama ya kutafuna, mkate mkavu na mboga zenye nyuzi huukwamisha, kwa hiyo mgonjwa ale vipande vidogo na kunywa kidogo kati ya matonge. Wengine hulishwa kwa mrija wa puani au wa tumboni. Huo husukumiwa maji safi kwa bomba la sindano kabla na baada ya kila mlo na kila dawa, na chakula kilichosagwa nyumbani kisikae nje ya jokofu zaidi ya muda wa saa 2.

Vidonge ndivyo husahaulika. Familia huvitwanga vyote kinuni na kuvitia kwenye uji. Baadhi haviruhusu. Vidonge vya mofini vinavyotoa dawa polepole vikitwangwa humwaga kwa mara moja kipimo cha saa 12, na mgonjwa anaweza kuacha kupumua. Mofini ya maji ipo na ndiyo ya kuombwa. Vidonge vilivyofunikwa utando wa kulinda tumbo hupoteza kazi yake vikipondwa. Mwulize mfamasia juu ya kila kidonge kwa jina lake, na umweleze kwamba mgonjwa hamezi.

Ukinunua na kutoridhika

Nchini Tanzania, tangu Julai 2019, vyakula na vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na dawa na vifaa tiba na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Miongozo ya kimataifa ya Codex hairuhusu chakula kudai kwamba kinatibu ugonjwa. Hivyo bidhaa inayouzwa kama lishe na papo hapo kudai kuyeyusha uvimbe imevunja utaratibu kwa maneno yake yenyewe, na tangazo hilo, hata likiwa ni ujumbe wa simu, ni ushahidi.

Usitupe kasha. Hifadhi risiti, piga picha ya lebo inayoonyesha namba ya toleo na tarehe, acha kiasi cha bidhaa kilichobaki katika chombo chake, na andika siku mgonjwa alipoanza kuitumia, kiasi alichotumia na kilichompata. Ukiwa na vitu hivyo, ofisi ya kanda ya taasisi husika au afisa afya wa halmashauri yako ataweza kuifuatilia bidhaa hadi ghalani. Anayekuuzia akikataa kukupa risiti, mwachie bidhaa yake.